Kalenda ya Kerala: Mwezi wa Njaa, Mwezi wa Karamu

Katika nyumba nyingi za jimbo la Kerala, kusini-magharibi ya nchi ya India, hapakosekani kalenda kubwa ya karatasi iliyotundikwa ukutani, aghalabu karibu na jiko. Tarehe ya dunia nzima imepigwa chapa kwa tarakimu kubwa. Chini yake, kwa maandishi madogo, imeandikwa tarehe ya Kimalayalam, jina la nyota ya siku hiyo, hali ya mwezi mbinguni, na alama za sikukuu za Wahindu, za Waislamu na za Wakristo. Mama mwenye nyumba huitazama kalenda hiyo kabla ya kwenda sokoni. Ikiwa kesho ni siku ya mfungo, leo hanunui samaki. Ikiwa kesho ni siku ya kuzaliwa mwana kwa hesabu ya nyota, atatafuta maziwa na sukari guru kwa ajili ya kupika mchele mtamu.

Si jambo dogo hilo. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba Kerala ilikuwa na watu wapatao milioni 33, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wahindu. Waislamu walikuwa zaidi ya robo, na Wakristo karibu sehemu moja ya tano. Watu hao wote wanazungumza lugha moja na wanaishi jirani kwa jirani, kwa hiyo kila mmoja hana budi kujua siku ya mwenziwe: lini jirani amefunga, na lini jirani ana karamu.

HESABU YA MWAKA

Mwaka wa Wamalayali huitwa Kollavarsham, yaani mwaka wa Kollam, kwa jina la bandari ya kale ya pwani hiyo. Ulianza kuhesabiwa katika mwaka 825 wa kalenda ya kawaida, na mwaka wake wa 1200 ulianza tarehe 17 Agosti 2024. Ni mwaka wa jua, wenye miezi kumi na miwili ifuatayo nyota zile zile zinazojulikana na wengi wa wasomaji wetu. Mwezi wa kwanza, Chingam, ni Simba, nao huanza katikati ya Agosti. Hufuata Kanni ambaye ni Mashuke, Thulam ambaye ni Mizani, Vrischikam ambaye ni Nge, na kuendelea hivyo mpaka Karkidakam, mwezi wa Kaa, ambao ndio wa mwisho. Mwezi mmoja waweza kuwa na siku 29, na mwingine ukafika siku 32, kwa kuwa mwendo wa jua haulingani katika kila nyumba ya nyota.

Juu ya hesabu hiyo ya jua kuna hesabu ya pili, ya mwezi wa mbinguni. Mwezi huo hupita katika vituo 27 vya nyota, na kila siku hupewa jina la kituo chake. Kwa sababu hiyo sikukuu nyingi hazina tarehe maalumu. Zina mwezi na nyota. Siku ya kumi na moja baada ya mwezi kuandama, na siku ya kumi na moja baada ya mwezi mpevu, huitwa Ekadashi, nazo ni siku za kufunga.

Yafaa ieleweke kwamba mfungo wa Kihindu haufanani katika kila jambo na saumu ya Ramadhani wala na Kwaresima. Yupo akaaye bila kula wala kunywa mchana na usiku. Yupo aachaye wali tu, akala ngano, viazi na matunda. Tena yupo alaye wali mara moja kwa siku, basi. Lakini nyama, samaki na ulevi huachwa na wote wafungao, na maneno machafu huhesabiwa kuwa yanavunja mfungo sawasawa na chakula.

MWEZI WA NJAA

Ili kufahamu furaha ya mwezi wa kwanza, lazima kwanza kuutazama mwezi wa mwisho. Karkidakam huanza katikati ya Julai, wakati pepo za kusi, zile zile zivumazo katika pwani ya Afrika Mashariki, zimejaa maji na kuyamwaga juu ya milima ya Kerala. Zamani mpunga wa mavuno yaliyopita ulikuwa umekwisha ghalani, na mpya ulikuwa bado shambani. Kibarua hakupata kazi kwa mvua, na mvuvi hakuthubutu kuingia baharini. Hata siku hizi serikali ya jimbo hukataza meli za kukokota nyavu kwa siku 52, kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaana. Yaani bahari nayo hufunga.

Wazee waliuita mwezi huo mwezi wa uhaba. Siku moja kabla haujaingia, nyumba husafishwa tangu darini hadi uani. Vyungu vilivyopasuka na vitambaa vikuukuu hutupwa mbali, kama ishara ya kumfukuza shetani wa umaskini. Jioni taa ya mafuta huwashwa, na mmoja wa jamaa husoma kwa sauti hadithi ya Rama, kama ilivyotungwa kwa Kimalayalam na mshairi Ezhuthachan katika karne ya 16. Husomwa sehemu kila siku, hata mwezi unapokwisha kitabu nacho kimekwisha.

Chakula cha mwezi huo kinawafaa sana wale wenye mshahara mdogo. Hupikwa uji wa mchele uliotiwa dawa za miti shamba, unaosemekana kuurudishia mwili nguvu. Hali kadhalika, akina mama huchuma majani ya aina kumi yaotayo ovyo kwa mvua, yakiwemo ya magimbi na ya maboga, wakayapika kuwa mboga. Pasipo fedha, palikuwa na maarifa.

Katika siku ya mwezi kuwa gizani, ndani ya Karkidakam, maelfu ya watu huenda mitoni na pwani alfajiri. Waliofiwa na wazazi huwa wamekula wali mara moja tu siku iliyotangulia. Huketi chini, wakaweka matonge ya wali na ufuta juu ya jani la mgomba kwa ajili ya wahenga wao, kisha huwaita kunguru waje kula. Kunguru akila, moyo wa mfiwa hutulia.

KARAMU YA MFALME

Ndipo huingia Chingam. Mvua hupungua, mpunga wa kwanza hukomaa, na maua huchanua vichakani. Kwa muda wa siku kumi watoto huchuma maua na kuyapanga mbele ya mlango, mfano wa zulia la rangi nyingi ambalo kila siku huongezwa duara moja. Siku ya nyota ya Thiruvonam ndiyo kilele, nayo ni sikukuu ya Onam.

Yasimuliwa kwamba hapo kale alikuwako mfalme aitwaye Mahabali. Katika enzi yake hapakuwa na mwongo, wala mwizi, wala kipimo cha udanganyifu sokoni, na watu wote walikuwa sawa. Miungu ikamwonea kijicho. Mungu Vishnu akajigeuza mbilikimo, akamwomba mfalme ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Mara mbilikimo akakua, akaivuka dunia kwa hatua moja na mbingu kwa hatua ya pili. Hapakubaki mahali pa hatua ya tatu. Mahabali, asiyejua kuvunja ahadi, akainamisha kichwa chake kikanyagwe, akazama kuzimu. Akaruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka kuwatazama watu wake. Siku hiyo kila nyumba hujitahidi aione imeshiba, asije akarudi na huzuni.

Karamu huandaliwa juu ya jani la mgomba, na watu huketi chini safu kwa safu. Wali huwa katikati, ukizungukwa na mchuzi wa dengu, mboga zilizopikwa kwa nazi, mtindi, achari ya maembe na ya tangawizi, ndizi za kukaanga na papadi. Mwisho huja mchele au dengu zilizopikwa kwa tui na sukari guru. Nyama haimo, isipokuwa kwa baadhi ya watu wa kaskazini ya jimbo. Nguo mpya hugawiwa kwa wote, na mtumishi hasahauliwi. Majira hayo hushindaniwa mashua ndefu ziitwazo mashua za nyoka, kila moja ikiwa na wapiga makasia wapatao mia. Mashindano maarufu ya Alappuzha yalianza mwaka 1952, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alipozuru mahali hapo.

Lakini kuna msemo wa zamani kwamba hata kwa kuuza shamba, Onam lazima iliwe. Msemo huo umewaingiza wengi katika madeni. Serikali ya jimbo huwalipa watumishi wake posho ya sikukuu, na maduka ya umma hufungua masoko ya bei nafuu. Hata hivyo mwenye busara huanza kuweka akiba tangu mwezi wa mvua, kwa maana mfalme aliyependa kipimo cha haki hawezi kupendezwa na karamu ya mkopo.

KALAMU, JEMBE NA SILAHA

Katika mwezi wa Kanni au Thulam, kwa kawaida Septemba au Oktoba, huja siku tisa za kuwatukuza miungu wa kike. Jioni ya siku ya nane wanafunzi huweka vitabu vyao mbele ya sanamu ya Saraswati, mungu wa elimu, wala havisomwi tena mpaka asubuhi ya siku ya kumi. Seremala huweka randa yake, dereva huiosha gari na kuitia maua. Katika Jeshi la India vikosi vingi husafisha silaha na kuziheshimu kwa ibada siku hizo, kwa kuwa chombo kimlishacho mtu na kumlinda hakistahili kudharauliwa.

Asubuhi ya siku ya kumi ni ya watoto wadogo. Mtoto hupakatwa na mzee au mwalimu, akashikwa kidole chake na kuandikishwa herufi za kwanza ndani ya sinia lenye mchele. Baadhi ya wazazi wa Kikristo na wa Kiislamu nao huwaanzisha wana wao siku hiyo. Si ajabu kwamba katika hesabu ya mwaka 2011 Kerala ilikuwa na watu 94 katika kila 100 wenye kujua kusoma na kuandika, ikiyapita majimbo yote ya India.

Katika mwezi wa Thulam, na tena katika Meenam, sanamu za hekalu la Padmanabhaswamy mjini Thiruvananthapuram huchukuliwa kwa maandamano hadi pwani kuogeshwa. Njia ya kale ya maandamano hayo hukatiza uwanja wa ndege. Basi ndege husimamishwa kwa saa kadhaa, na tembo, wapiga ngoma na walinzi wenye panga hupita juu ya barabara ya ndege. Wakiisha kupita, ndege huruka tena.

SIKU 41 ZA MLIMA

Mfungo mkubwa kuliko yote huanza siku ya kwanza ya Vrischikam, katikati ya Novemba, nao huchukua siku 41. Anayekusudia kupanda mlima wa Sabarimala, palipo hekalu la mungu Ayyappan, huvaa shanga shingoni na nguo nyeusi au za buluu. Hanyoi ndevu, hali nyama, hagusi ulevi, hujitenga na mkewe, huoga kwa maji baridi alfajiri na jioni. Awe tajiri au kibarua, ofisa au tarishi, huitwa kwa jina moja tu, Swami, na yeye humwita mwenzake hivyo hivyo. Katika safari hiyo vyeo huachwa nyumbani.

Hubeba kichwani mzigo wenye vifuko viwili, ndani yake mna nazi iliyojazwa samli. Wengi hupitia Erumeli, ambako huingia kwanza kutoa heshima katika msikiti wa Vavar, Mwislamu asimuliwaye kuwa alikuwa sahibu wa Ayyappan. Kisha huvuka mto Pampa na kupanda. Mwishoni zipo ngazi 18, na hapo kazi ya askari polisi huonekana: husimama kando ya ngazi, wakiwashika mkono mahujaji mmoja mmoja na kuwainua, ili umati usikanyagane.

Kazi ya polisi haikuwa rahisi siku zote. Kwa desturi wanawake wenye umri wa miaka 10 hadi 50 hawakuruhusiwa mlimani. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama Kuu ya India iliamua, majaji wanne dhidi ya mmoja, kwamba katazo hilo halipatani na katiba. Yakatokea maandamano makubwa ya kupinga, yakiwa na wanawake wengi pia. Januari 2019 wanawake wawili waliingia alfajiri wakilindwa na polisi. Mnamo Novemba mwaka huo mahakama ilipeleka masuala yaliyozuka mbele ya jopo kubwa zaidi. Kati ya sheria na desturi, askari alitakiwa kusimama imara bila kumdharau mtu wa upande wowote.

SAUMU ILIYODAI MLANGO

Katika mwezi huo huo wa Vrischikam huja Ekadashi ya Guruvayur, siku ambayo umati mkubwa hufunga na kwenda katika hekalu la Krishna lililoko huko. Aingiaye leo ni vigumu kuamini kwamba zamani Wahindu wengi wa tabaka za chini hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Walifunga kama wengine, waliamini kama wengine, lakini walisali nje. Nchi ile ile iliyomlilia Mahabali, mfalme wa usawa, ilikuwa na barabara ambazo baadhi ya wana wake hawakuweza kuzipita.

Mwaka 1924 kulianzishwa mapambano ya amani huko Vaikom, watu wakidai haki ya kutumia barabara zinazozunguka hekalu. Yalidumu zaidi ya mwaka, na barabara nyingi zikafunguliwa. Kisha zamu ikawa ya Guruvayur. Mnamo Septemba 1932 kiongozi K. Kelappan aliketi mbele ya hekalu akaanza kufunga, akiapa kutokula mpaka mlango ufunguliwe kwa Wahindu wote. Hakuwa na silaha ila njaa yake. Alipofika siku ya kumi na mbili aliacha kwa ombi la Mahatma Gandhi, na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Hata hivyo saumu hiyo haikupotea bure. Tarehe 12 Novemba 1936 mfalme wa Travancore, eneo la kusini ya Kerala, alitangaza kwamba mahekalu yote yaliyo chini ya serikali yake yawe wazi kwa kila Mhindu. Guruvayur, iliyokuwa nje ya milki yake, ilifunguliwa mwaka 1947. Tangu hapo afungaye Ekadashi huvunja mfungo wake akiwa ametoka ndani, si nje ya ukuta.

SAUMU YA AKINA MAMA

Mwezi wa Dhanu, kati ya Desemba na Januari, una siku ya wanawake iitwayo Thiruvathira. Kabla ya mapambazuko huenda mtoni au kisimani kuoga wakiimba. Wali hawali, hula nafaka ndogo jamii ya mtama, viazi vikuu na magimbi, na uji mzito wa uwanga. Jioni huvaa nguo nyeupe zenye mshono wa dhahabu, wakacheza kwa kuzunguka taa huku wakipiga makofi, na kutafuna tambuu. Aliyeolewa huwaombea mume na nyumba yake. Aliye mwari huomba mume mwema.

Katika Kumbham, kati ya Februari na Machi, huja Shivaratri, usiku wa kukesha bila kula. Huja pia Pongala ya hekalu la Attukal, mjini Thiruvananthapuram. Wanawake huweka mafiga ya matofali kando ya barabara, kila mmoja na chungu chake, wakapika mchele, nazi na sukari guru kwa ajili ya mungu wao. Mwaka 2009 ilihesabiwa kwamba walifika milioni 2 na nusu. Siku hiyo mji ni wa wanawake. Wanaume hugawa maji na kuongoza magari.

Mwisho huja Vishu, siku ya kwanza ya Medam, katikati ya Aprili. Usiku mama hupanga katika chombo cha shaba mchele, matango ya manjano, nazi, nguo safi, kioo, fedha, na maua ya dhahabu ya mti wa konna. Alfajiri huwaongoza watoto wakiwa wamefumba macho, ili kitu cha kwanza watakachokiona mwaka huo kiwe neema. Kisha wakubwa huwapa wadogo sarafu. Miezi miwili baadaye kusi huvuma tena, na mzunguko hurudi kwenye mvua na uhaba.

Wamalayali wengi hawako kwao. Wamo jeshini, katika nchi za Ghuba, na katika miji mingi ya dunia. Kalenda hupelekwa kwao kabla ya mwaka kuanza. Mume aliye mbali na mkewe aliyebaki wakifunga siku moja, huwa kana kwamba wamekaa jani moja la mgomba. Hilo askari yeyote na jamaa yake, wa dini yoyote, hawahitaji kufafanuliwa.

PISHI LA WIKI: OLAN

Chakula hiki cha karamu ya Onam ni cha gharama ndogo, nacho hakitiwi nyama, kitunguu wala bizari. Chatosha watu wanne.

Vitu: mumunye nusu kilo, kunde nyekundu robo kikombe, nazi moja, pilipili mbichi nne, chumvi, mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chakula, na majani machache yanukiayo ambayo Wahindi hutia katika mchuzi, yakipatikana.

Namna ya kupika: Loweka kunde usiku kucha, kisha zichemshe mpaka ziive bila kupondeka. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando, halafu ukamue tui jepesi. Menya mumunye, toa mbegu, likate vipande vyembamba. Vipike pamoja na pilipili zilizopasuliwa na chumvi katika tui jepesi. Vikilainika, tia kunde, uache dakika tano. Punguza moto, tia tui zito, koroga polepole, wala usiache lichemke lisije likakatika. Ipua, mimina mafuta ya nazi na majani juu yake, ufunike kwa dakika chache. Huliwa kwa wali.